Mawe ya Mama Bernadette

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji, hapa Likasi, sikuruhusiwa kugusa kitu. Mtawa aliyekuwa mkuu wa chumba aliniambia nisimame ukutani, nikunje mikono, nitazame. Nilipojikuna pua alinikemea hadi madaktari wakashtuka: "Weye! Ile mukono sasa ni ya soko. Toka, unawe tena!" Nilimchukia kwanza, kisha nikampenda mpaka alipofariki.

Baadaye nikapelekwa zahanati ya Kakanda kuwafunga wachimbaji vidonda, halafu nikarudishwa Likasi kuwa instrumentiste, yaani yule anayempa daktari mkasi, koleo na uzi kabla hajaviomba. Kazi hiyo inataka macho kuliko mdomo. Mimi Mungu alinijalia vyote viwili, na wakubwa wangu walipata taabu.

Siku hizo tulikuwa na desturi. Mfuko wa nyongo ni kifuko kilicho chini ya ini, na mawe yakijaa humo, dawa yake ni kukitoa. Tukishakitoa, daktari mkuu wa upasuaji aliyaosha mawe, akayaweka kwenye sahani ya chuma, akatoka mlangoni kuwaonyesha ndugu. Kwao, kuona mawe ilikuwa kusikia kwamba mgonjwa amepona. Hapo ni shangwe na nyimbo, na kwa kuwa mji wetu unaishi kwa shaba, mzaha haukukosekana: "Docteur, iko na teneur?" Teneur ni kiasi cha madini kilichomo ndani ya jiwe. Mchimbaji hana swali lingine.

Asubuhi moja tulimpasua Mama Bernadette, mke wa mchimbaji wa Kakanda. Alikuwa amefunga na kuomba muda mrefu kanisani kwao kabla ya kuja kwetu, na ugonjwa haukumngoja. Tumboni kila kitu kilikuwa kimegandana kama bukari, ugali wetu, iliyoungua chini ya sufuria. Kazi yenyewe ni kufunga na kukata kijia kidogo kinachounganisha kifuko na njia kubwa, ile inayopeleka nyongo kutoka kwenye ini hadi kwenye utumbo. Njia kubwa haikatwi. Daktari alitafuta kwa subira, akaona anachodhani ni kijia, akafunga, akakata. Kifuko kikatoka, mawe yakaoshwa. Nje ndugu walikuwa wameshaanza kuimba wakiyangoja.

Daktari ndiye aliyeona kwanza. Kompresi nyeupe, kile kitambaa cha kufutia damu, ilikuwa inageuka kijani, rangi ya nyongo. Mikono yake ikasimama.

"Ni njia kubwa," alisema. "Nimeikata."

Mtaalamu wa usingizi alimwinamia. "Docteur, shona tu, tufunge. Banaimba kule inje."

Daktari alikuwa ameshashika sindano. Aliitazama, akanirudishia. "Hapana. Ile kazi ya kuunga siyaifanya hata siku moja. Nikijaribu miye, nitamuharibu zaidi."

Akaweka mrija mwembamba wa kutolea nyongo nje, isimwagike tumboni ikamuua, akafunga. Kwa mazoea nikamnyooshea sahani ya mawe.

"Acha hapo," akasema. "Sina kitu ya kuonyesha."

Nilimfuata mlangoni. Walipoona mikono mitupu, nyimbo zilikatika. Mume wa Mama Bernadette akasogea mbele.

"Docteur, mawe iko wapi?"

"Papa, bibi yako iko muzima, lakini kazi haiyaisha. Nilikata njia ya nyongo yenye haikupaswa kukatwa. Si ugonjwa njo ilifanya vile, ni mukono yangu. Ku Lubumbashi kuko docteur anajua kuiunga. Tunamupeleka leo, na miye nitakuwa ndani ya gari."

Dada yake mgonjwa alianza kulia kwa sauti na kumlaani daktari. Yule mume alifuta uso kwa kofia yake.

"Ungetuficha, tungejua wakati tunamuzika," alisema mwishowe. "Tuende."

Kule Lubumbashi walivuta kipande cha utumbo, wakakiunga na njia ya nyongo karibu na ini. Siku zile hospitali nzima ilimsema daktari wetu, na wengine walicheka. Mimi nilikuwa naomba tu yule mama asife.

Alirudi amekonda, anatembea mwenyewe, macho meupe bila umanjano wa nyongo. Daktari akatoa chupa niliyoyatunzia mawe, akampa mume. Yule bwana hakuipokea. Alimshika mkewe mkono.

"Bakia nayo, docteur. Teneur iko hapa."

Daktari aligeukia dirishani, nasi tukajifanya hatuoni. Tangu hapo mawe hayakutolewa tena mlangoni. Mgonjwa aliyachukua mwenyewe siku ya kwenda nyumbani.

Sasa nimestaafu, na magoti yangu yanakumbuka kila saa niliyosimama. Vijana huniuliza daktari mzuri ni yupi. Nawaambia, mkono wa kila mtu unaweza kukosea, hata wenu; mtazameni daktari anafanya nini akishakosea. Siku niliyokabidhi funguo, daktari kijana alifungua kabati, akaiona ile chupa, akataka kuitupa.

"Mama, hii mawe ni ya nani?"

"Iache," nikamwambia. "Ni ya muntu mwenye iko muzima."