Uso Niliouchora kwa Nta

"Nani alikuonyesha?"

Wazee watatu kutoka Makote waliniuliza swali hilo asubuhi moja, barazani kwetu Newala. Darasani nilikuwa na jibu la kila kitu. Nilikuwa darasa la saba. Mbele yao, juu ya mkeka, kililala kitisho, sanamu ya kufukuza wezi, nilichokitengeneza kwa mikono yangu. Walikuwa wamekigeuza kifudifudi ili mtu asikione uso.

Ulikuwa msimu wa korosho, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi ndio kwanza wameanza kupanda na malori yao. Watu walishukiana. Wakulima waliishuku mizani, wanunuzi walishuku kuna mchanga chini ya gunia, na Bibi, mzaa Mama, alimshuku kila aliyekatiza uani kwetu, ambako korosho zetu zilianikwa kwenye mikeka. Kila jioni alisema zimepungua. Sikumwamini, kwa sababu hakuwahi kuzipima, lakini nilitaka kumsaidia, na zaidi nilitaka kujaribu kama mtu mzima anaweza kukimbizwa na matambara.

Shati nilikuwa nalo. Mama alikuwa amelipata Masasi kwenye mitumba: shati jeusi la mtoto, limechorwa mifupa meupe ya mbavu kifuani. Muuzaji alimpa kama nyongeza maana hakuna aliyelitaka. Mjomba alipoliona alicheka hadi akakohoa. "Wazungu wanawavalisha watoto mifupa, halafu washenzi ni sisi?"

Nililijaza maganda ya mahindi. Mikono ilikuwa miti ya muhogo iliyokauka, vidole nyaya za mwavuli mbovu. Shingoni nilikizungushia utepe wa kaseti iliyoliwa na redio, ukawa unanong'ona kila upepo ukipita. Kichwa kilikuwa kibuyu kilichopasuka, nikakichora macho kwa mkaa na kukibandika meno ya mbegu za boga.

Hakikutisha. Kilifanana na mtu aliyekuja kuomba chumvi.

Nikakaa nikajiuliza ni kitu gani kiliwahi kunitisha kweli. Jibu lilikuja upesi, nikaona aibu. Nilipokuwa mdogo sana, Bibi akiniinamia kuniamsha, nililia. Uso wake ulikuwa na chale za zamani, mistari ya pembepembe mashavuni na kwenye paji, na mdomo wa juu ulibaki na tundu la ndonya, pambo la mti alilolivua kabla sijazaliwa. Nilimpenda Bibi kuliko mtu yeyote. Hata hivyo nilichukua nta kwenye chungu cha asali cha Mjomba, nikaisokota nyuzi nyembamba, nikazibandika kwenye kibuyu mstari kwa mstari kama zilivyokuwa usoni kwake. Mdomoni nikaweka kizibo cha soda. Nywele niliziokota chini ya benchi la Mjomba, kwa kuwa alikuwa kinyozi, nikazigandisha kwa nta hiyohiyo.

Nilipokisimamisha uani, nimekitundika kwenye mti, hata mimi nilirudi nyuma hatua moja.

"We binti!" akaita mama mmoja aliyekuwa akitoka kuteka maji. "Huyo mchumba umemtoa wapi?"

"Anatafuta mke, mama. Nimwambie uko tayari?"

"Mwambie kwanza ale, mbavu zote nje!"

Siku ya pili mteja wa Mjomba alikuja kunyoa. Alisimama mbele ya kitisho, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akaondoka bila kunyoa na bila kuaga. Siku ya tatu wakaja wale wazee wa Makote, wasimamizi wa jando.

Kwetu, wavulana wakitoka jando, lipiko hucheza: mtu aliyefunikwa nguo mwili mzima, na kinyago kichwani. Sisi wanawake tuliambiwa si mtu, ametoka makaburini, na tulipaswa kukimbia. Nilikimbia kama wenzangu, ila niliwahi kuviona visigino vyake, na vilikuwa na magaga kama vya mkulima yeyote. Hilo nililiweka moyoni. Kinyago chenyewe sikuwahi kukikaribia. Sikujua kwamba wachongaji huweka nywele za watu, wala kwamba chale huzitengeneza kwa nta. Wao na mimi tulikuwa tumeiga nyuso zilezile za bibi zetu.

"Shikamooni," niliwaamkia.

"Marahaba. Chale hizi umeziona wapi?"

Bibi alikuwa ameketi hatua mbili tu kutoka pale, anamenya mbaazi. Ningesemaje mbele yake?

"Kichwani mwangu."

"Kichwa cha mtoto wa kike kina nta na nywele?"

"Nywele nimeziokota pale kwa Mjomba," nikasema, nikidhani hilo ndilo jepesi.

Wote watatu wakageuka kumtazama Mjomba, aliyekuwa amesimama mlangoni. Mwaka ule yeye ndiye aliyeteuliwa kuwapeleka wavulana jandoni, heshima aliyoingoja tangu ujana. Mwanamume anayetoa siri za jando kwa mwanamke hapewi watoto wa watu.

"Wazee wangu, huyu anasoma sana," Mjomba akasema. "Mambo mengine anayatoa vitabuni."

"Kitabu gani? Kilete tukione."

Hakikuwepo. Wakampa hadi Ijumaa apeleke maelezo.

Walipoondoka alichuchumaa karibu yangu. "Mpwa wangu, niambie mimi tu. Kuna mwanamume alikuonyesha?"

Nilimtazama Bibi, ambaye hakuinua macho kwenye mbaazi zake. "Nimebuni, Mjomba."

Akakigeuza kibuyu. Alikitazama kitambo, akapitisha kidole gumba juu ya nta ya shavuni. Mwishowe akasema, "Haya," akaenda kukivunja nyuma ya choo.

Mwaka ule wavulana walipelekwa na mtu mwingine. Nyumbani tuliambiwa Mjomba anaumwa mgongo. Sikuamini, maana nilimwona akiinua gunia la korosho peke yake, lakini mimi ninayehoji kila kitu sikuuliza. Miaka baadaye, chuo kikuu, nilisimama kwenye semina nikasema wazee wale walishindwa kufikiri kwamba msichana anaweza kuunda kitu bila kuonyeshwa na mwanamume. Bado naamini nilisema kweli. Wenzangu walipiga makofi, nami nikaketi nikiwa nimeridhika.

Mwaka jana, baada ya arobaini ya Bibi, Mama na mimi tulikuwa tukikunja nguo zake, ndipo akaniambia. Ijumaa ile Mjomba alikwenda Makote kwa miguu, akawaambia wazee kwamba ni yeye aliyenionyesha, akatoa mbuzi wa faini. Alimweleza Mama peke yake sababu: uso ule aliutambua palepale barazani, na aliona afadhali aitwe mtoa siri kuliko kusimama mbele ya wanaume na kusema kwamba uso wa mama yake mzazi ulitundikwa mtini kufukuza wezi wa korosho.