Acha Nafasi ya Mlima Kwenye Betri

Mwanangu, sauti ya mjomba wangu akinifokea kando ya ndiva bado iko masikioni mwangu. Mwaka huu imenirudia, tena nikiwa nimekaa ndani ya gari.

Nilikuwa msichana wa kukaribia kuolewa, na mdomo nilikuwa nao. Kwetu huku Myamba mlimani, ndiva ni bwawa la udongo. Maji ya mfereji yanakingwa humo usiku, asubuhi yanafunguliwa yaende mashambani. Mjomba ndiye alikuwa mwangalizi. Jioni moja ya masika nikamkuta anayafungulia yaende zake korongoni, na kesho yake ilikuwa zamu ya shamba letu.

"Shikamoo mjomba. Sasa maji yetu unayamwaga ya nini?"

Hakuitikia hata salamu. "Wewe, hebu inua macho uangalie mlima! Mawingu yale yanakuja na maji. Ndiva ikiwa imejaa, hayo utayaweka wapi? Chumbani kwa mama yako?"

Nyumba yetu ilikuwa chini ya ndiva. Nilinuna, nikaenda zangu. Mvua ikanyesha kwelikweli, ndiva ikaipokea yote, ukuta ukabaki mzima, na shamba letu likapata maji ya kutosha. Mjomba hakunisema tena. Kila tukipishana njiani alikuwa anakohoa tu, kwa makusudi.

Sasa tuje kwa Namkunda, binti yangu. Marehemu baba yake alituachia pikapu ya petroli, kuukuu kuliko Namkunda mwenyewe. Namkunda ni fundi umeme wa magari, ana gereji yake Same mjini. Akang'oa injini, akaweka mota na betri, akatengeneza na mahali pa kuchomeka chaja ya haraka. Nisikufiche, nililia. Ule mlio wa injini ndio uliokuwa unaniambia mume wangu amefika. Lakini hata mlio wenyewe ulikuwa umebaki kikohozi, na gari lilikuwa halipandi tena mlima bila kusukumwa.

Chaja akaifunga huku juu, kwenye mashine ya kusaga ya jirani, maana pale ndipo penye umeme wenye nguvu. Alinieleza vizuri: gari likiteremka, ukiinua mguu, mota inageuka kuzalisha umeme, inaurudisha kwenye betri, na papo hapo inalishika gari lisikimbie. Nikasema haya, mtoto ameelimika huyu.

Siku ya kwanza ya kushusha tangawizi yetu kwenda Same, watu walijaa mashineni utadhani anatoka bibi harusi. Namkunda akachomeka. Debe la mahindi la mteja halijaisha kusagwa, betri hiyoo, inakaribia kujaa.

"Si inatosha? Chomoa twende," nikamwambia.

"Subiri mama, ifike juu kabisa, waone!"

Ikafika juu kabisa. Makofi yakapigwa, hata mimi nilipiga. Tukaondoka na magunia nyuma, mimi nimekaa mbele na kitenge changu kipya.

Kona ya kwanza haikuwa na neno. Ya pili, nikaona mguu wake hautoki kwenye breki. Gari linakimbia, halishikwi na kitu. Mara nikasikia harufu. Mlima huu nimeushuka na marehemu miaka mingi, breki zikianza kuungua najua zinavyonuka. Na kule chini kina mama wanateremka na mizigo kichwani, wanafunzi wametapakaa barabarani. Niliogopa, mwanangu. Niliona naenda kumzika mtoto wangu, au tunaenda kuua watoto wa wenzetu.

"Namkunda, simamisha! Sasa hivi, breki zingali zinakamata!"

Akalibana gari kwenye ukingo wa udongo, likasimama. Tukatega mawe kwenye magurudumu.

"Mama, ni mimi. Nimeijaza mno. Betri ikijaa, mota haina pa kurudisha umeme, kwa hiyo haishiki gari. Nalijua hilo, nimelisahau kwa ajili ya makofi."

"Jamani! Kumbe ni ndiva!"

"Ndiva gani tena, mama?"

Nikamsimulia habari ya mjomba huku breki zinapoa. Akacheka na machozi yanamtoka. Halafu akageuza gari, tukaupanda tena mlima na mzigo wetu wote, ili betri ipungue. Pale mashineni wakashangaa kutuona.

"Mmesahau nini?"

"Nafasi!" nikawajibu. Wakadhani bibi amechanganyikiwa. Tukageuza, tukashuka polepole, na safari hii mota ililishika gari kona kwa kona mpaka Same.

Sasa nisikilize. Ninyi mnapenda kujaza vitu haraka, na sikukatazi. Chaja ile ni kitu kizuri, imenipumzisha mgongo. Ila kabla hujaondoka, tazama mbele unakokwenda kuna nini kinachokuja, ukiachie pa kuingia. Siku hizi Namkunda anachomoa kabla betri haijajaa, na anayetaka kucheka na acheke. Na kichwani mwako vilevile, hata ukiwa fundi, acha mahali pa kuambiwa. Mimi sijui mota wala sijui betri. Nilimwambia tu simama, na yeye mwenye gereji yake hakuanza kunibishia. Alisimama. Ndiyo maana kesho yake asubuhi nilikuwa na binti wa kunipikia chai, na wale wanafunzi walirudi kwao.

Mungu akushike kwenye kila mteremko, mwanangu. Na kiti cha pembeni yako kisikose mtu mwenye pua kali, nawe umsikie.