Wimbo wa Kumteremsha Mfalme

Mahfoudh alipotoka tu kwenda kusali Ijumaa, Nasriya alifunga mlango, akaitoa kabatini akodiani ya mama, kile kinanda cha kuvuta. Ana saa moja, haizidi. Kaka yake keshasema, sijui mara ngapi: muziki wa kibuki haupigwi tena nyumba hii ya Mabela, huku ng'ambo. Moyo wa mama dhaifu, daktari kaonya. Na mambo yale, anasema, ni ya Unguja, yaishie huko huko.

Sasa, Nasriya si mjinga. Alijua mama anaweza kumfia mikononi. Lakini huu mwaka wa pili Bi Mahbuba hamjui mwanawe. Nasriya anamwogesha, anamlisha, na mama anamwita "bi nesi". Jamani, linauma! Alitaka kitu kimoja tu, mama aliite jina lake. Na kinywani mwa mama aliyebaki kulijua jina hilo ni mmoja: pepo wa kibuki, mfalme wa kale kutoka Madagaska, aliyempanda tangu usichana wake. Haji ila kwa wimbo wake mwenyewe, na hateremki ila kwa wimbo wa kumuaga.

Akavuta kinanda. Wapiga makofi hakuna, akawa anapiga mguu sakafuni. Mara ya kwanza, kimya. Ya pili, vidole vya mama vikaanza kucheza juu ya khanga. Ya tatu, mgongo uliopinda ukanyooka, wallahi, na sauti nzito ikatoka: "Nasriya! Mbona umekawia kuniita?"

Machozi yakamtoka. "Nimekatazwa, Mfalme."

"Na nani? Mahfoudh? Yule aliyekuwa akijificha uvunguni kila nikija?"

Nasriya akacheka kwa raha, cheko ambalo hajalicheka miaka. Ndipo alipoona midomo ya mama imebadilika rangi, na pumzi inakwaruza.

"Kiti changu, mwili huu, kimechoka," mfalme alisema. "Niteremshe."

"Kidogo tu. Niite tena."

"Nasriya. Niteremshe!"

Tamaa, bwana! Alikaa na kinanda mapajani, hapigi, anataka kulisikia jina lake mara moja nyengine. Mama akayumba. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo: Mahfoudh, kesharudi msikitini.

"Unamuua mama!" Akakikamata kinanda.

"Ukinizuia sasa hateremki! Piga makofi, kaka! Piga!"

Mahfoudh alimtazama mama. Kisha akaachia, akapiga makofi, tena kwa mwendo wake sawasawa, maana mtu hakulii kwenye ngoma ile akaisahau. Nasriya akaupiga wimbo wa kuaga mpaka mwisho, analia waziwazi, kwani alijua anamfukuza nani.

Mama akalegea juu ya mito. Pumzi ikarudi polepole. Akafumbua macho, akamtazama mpigaji.

"Unapiga vizuri, wallahi. Kakufunza nani?"

Nasriya alikikunja kinanda. "Mama yangu."

"Hodari huyo," alisema Bi Mahbuba. "Ukifika kwenu, mwambie nnamsalimia."