Barua ya Kurasa Tatu

Jumatatu nilikwenda kwenye dawati la malalamiko la halmashauri moja ya huku kwetu kwenye baridi. Sitaji jina, bado naishi humo. Nilibeba barua ya kurasa tatu kuhusu taka zisizozolewa. Mbele yangu alisimama bibi mmoja, mikono mitupu.

"Kamwene, mwanangu," alimsalimu afisa. "Mtaa wa Mashineni, nyuma ya mashine ya kusaga. Taka zinanuka, gari halijaja wiki ya tatu."

Afisa aliandika mstari mmoja, akapiga simu. Kisha akachukua barua yangu. Aliisoma taratibu huku akitabasamu, nami nikaweka kola sawa.

"Mzee, Kiswahili kitamu hiki," alisema. "Ila hizo taka ziko mtaa gani?"

Nilipekua kurasa zote. Nilikuwa nimetaja uzalendo, vizazi vijavyo, hata mabadiliko ya tabianchi. Mtaa sikuutaja. Akanirudishia nikaandike upya.

Jumatano gari lilifika kwa bibi. Najua, kwa sababu nilikuwepo na viroba vyangu viwili vya taka. Bibi hakunikumbuka, ila alinihurumia.

"Na wewe nenda pale ukaseme, baba," aliniambia. "Wanasikiliza."