Bi Beryl Alipoanza Kuruka

Simu ya Jumapili ililia saa kumi na moja jioni, na Desley Kratzmann alikuwa amekaa jikoni tangu saa kumi, nywele amezichana, kana kwamba binti yake angemwona.

"Mama, habari. Beryl hajambo?"

Tegan alianza hivyo kila wiki. Desley alieleza: amekula nyenje wawili, amehamishia udongo wote kona moja, Jumanne alikaa mdomoni mwa shimo tangu asubuhi. Habari za Beryl zilipoisha, na mazungumzo yaliisha.

"Haya mama. Jumapili, basi."

"Haya, mwanangu."

Niliyasikia hayo kwa miaka minne. Nimepanga chumba cha chini, kati ya nguzo zinazobeba nyumba ya Desley hapa Tully, mji wa mvua kaskazini mwa Australia, na sakafu ya mbao haifichi kitu. Mvua ikipungua tu, kila neno linashuka.

Beryl alikuwa buibui, mmoja wa wale wakubwa wa manyoya wanaochimba mashimo huku kwetu, ambao ukiwaudhi hutoa sauti ya mluzi hafifu. Watu wengi huwaita tarantula. Tegan alimpata akiwa mdogo kama punje ya mchele, akamlea ndani ya kopo la vidonge, akampa jina la bibi yake mzaa baba, mwanamke ambaye, kwa maelezo ya Desley, naye alikuwa na miguu ya manyoya na hakupenda kuguswa. Buibui akiwa na umri huo hakuna awezaye kujua kama ni dume au jike. Tegan aliamua tu kwamba ni jike, kwa sababu majike huishi miaka ishirini na zaidi.

Kisha baba yake, Vern, akaanguka katikati ya mistari ya migomba, moyo ukasimama. Tegan alikuja kutoka Cairns kuzika. Alikaa siku tatu, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi, akasafisha mifereji ya paa. Siku ya nne alisema amepata kazi kwenye machimbo ya chuma, upande ule mwingine wa nchi, na kwamba kambi hairuhusu wanyama. Aliweka boksi la plastiki juu ya friji na karatasi ya maelekezo: maji kila siku mbili, udongo usikauke, usimshike ukiwa umesimama kwa sababu akianguka tumbo linapasuka. Chini kabisa aliandika, "Nitamchukua nikipata nyumba."

Hawakugombana. Labda ingekuwa afadhali wangegombana, maana ugomvi una mahali pa kuanzia kupatana. Hawa wawili kila mmoja alimngoja mwenzake alie kwanza, na hakuna aliyelia. Miaka mitano ikapita. Tegan hakurudi hata mara moja, ila Jumapili hakuikosa.

Kwa hiyo Desley alimtunza Beryl kama mtu anavyotunza moto usizime. Kazi yake ni kwenye banda la ndizi. Kwa miaka thelathini na moja amesimama kwenye mkanda wa mashine unaopitisha ndizi, akikata chane, akitenga zilizochubuka, akipanga nzuri ndani ya maboksi. Buibui hawamtishi. Wale bapa wanaojificha mikunguni humrukia kifuani karibu kila siku, naye huwapangusa kama makombo ya mkate. Ila huyu wa Tegan alimwita Bi Beryl, na alimuaga kabla ya kwenda kazini.

Desemba iliyopita Bi Beryl aliziba mlango wa shimo lake, hakula wiki sita. Tulijua anavua ngozi. Februari alipotoka alikuwa mtu mwingine: mwembamba, miguu mirefu, rangi imekolea, na vile vimikono viwili vya mbele, karibu na mdomo, vimevimba nchani kama vya bondia aliyevaa glovu. Hakurudi shimoni. Alizunguka boksi mchana kutwa.

Jumamosi moja Desley aliniita nimshikie chupa ya maji. Alifungua kifuniko kidogo tu, upana wa vidole vitatu. Beryl aliruka. Sikuwahi kudhani mnyama mzito namna ile anaweza. Alitoka kwenye udongo hadi ukingoni, na kabla sijapata pumzi ya kupiga kelele, alikuwa mezani kando ya siagi, miguu ya mbele juu, akipapasa hewa.

"Usisogee," Desley alininong'oneza. "Akianguka chini amekwisha."

Alimfunika kwa bakuli la saladi, akaingiza kalenda chini yake, akamrudisha. Kisha akakaa. Mikono yote miwili aliiacha juu ya kifuniko.

Jumatatu kule bandani waliicheka hadithi hiyo hadi mkanda ukawapita. Rosalba, anayesimama naye bega kwa bega, hakumwachia nafasi.

"Des, umemlisha nini huyo bibi? Kahawa?"

"Nimemlisha nyenje kama siku zote."

"Basi anataka kutoroka. Hata mimi ningeishi na wewe na redio yako ningeruka dirishani."

"Ungekwama dirishani, Rosalba. Tungekuita zimamoto."

Lakini alikuwa na wasiwasi, na siku hiyo hiyo alimpigia Warwick Obst, mzee wa Mareeba, mji wa kule milimani, mwenye buibui sitini ndani ya gereji yake, ambaye kila mfugaji wa kaskazini humuuliza kabla ya kuuliza daktari. Warwick alifika Jumamosi, nami nikaitwa juu. Hakufungua hata kifuniko. Aliinama mbele ya boksi, akavua miwani, akaanza kucheka taratibu.

"Nani kakwambia huyu ni bibi?"

"Tegan."

"Basi mpe pole Tegan. Huyu ni bwana. Tazama hizo glovu. Huu ndio uvuaji wake wa mwisho wa ngozi, Des. Havui tena."

"Na hiyo kuruka?"

"Hawa wetu si warukaji. Ni wazito, wanakaa chini, mbingu yao ni shimo. Ukimwona mmoja anaruka, ama umemshtua, ama ni dume aliyekomaa anayetafuta mke. Huyu hakasiriki. Anataka kwenda."

Desley aliuliza swali moja tu, nami nilijua ni lipi.

"Amebakiwa na muda gani?"

"Miezi. Akifika majira ya baridi, mshukuru." Akavaa miwani. "Mimi nina jike wa aina yake, yuko tayari. Unajua desturi yetu."

Desley aliijua. Miongoni mwa wafugaji wa huku, dume akikomaa hakai nyumbani. Anapelekwa kwa mwenye jike, kisha kwa mwingine, hadi mwisho wake. Huombwi ada wala hulipwi, na anayemfungia dume wake husemwa vibaya kwenye mikutano yao. Na mara nyingine jike humla. Nalo lilijulikana.

"Nitafikiria," Desley alisema.

"Usifikirie sana. Yeye hana nafasi ya kufikiria."

Jumapili ile nilisikia simu ikilia, na nilisikia Desley akisema, kwa sauti iliyochangamka kupita kiasi, "Bi Beryl mzima kabisa. Mnene." Nilishusha kitabu nilichokuwa nasoma. Kisha sauti ikapanda: "Pasaka? Kweli? ... Hapana, mwanangu, si lazima, ukipata nafasi tu ... Ndiyo, atakuwa mkubwa kama kiganja. Utamwona."

Baadaye alishuka na sahani mbili za mkate wa ndizi. Hanijii mara nyingi, wala mimi simwendei. Sisi wote wawili ni watu wa milango iliyorudishwa. Alikaa kwenye ngazi.

"Amesema labda atakuja Pasaka. Kumwona."

"Si jambo zuri?"

"Anakuja kumwona jike atakayeishi miaka kumi na tano zaidi. Nikimwambia ni dume na anakufa, au nimempa Warwick, atakuja kuona nini hapa?"

Nilitaka kusema, atakuja kukuona wewe. Sentensi hiyo ilikuwa fupi na rahisi, na sikuisema. Nilikula mkate wangu.

Alidanganya Jumapili tatu. Katikati ya wiki alipiga pasi shuka za chumba cha Tegan, akazikunja, akazipiga pasi tena, akazitandika. Na Beryl aliruka. Desley alihamisha boksi kutoka kwenye friji hadi sakafuni, akatandika godoro kulizunguka, akawa anamlisha akiwa amepiga magoti yake mabovu, uso karibu na plastiki. Kila alipogusa kifuniko, yule bwana alijirusha, akagonga plastiki, akarudi chini, akajirusha tena. Jioni mvua ikikatika alianza jambo jingine: alipigapiga vile vimikono kwenye ukuta wa boksi, haraka haraka, akanyamaza, akapiga tena. Ndivyo wanavyojitambulisha mlangoni kwa jike. Nilikuwa nayasikia mapigo hayo kule chini, madogo kama matone ya mwisho ya paa.

Alhamisi moja nilipanda kumrudishia sahani, nikamkuta amekaa sakafuni kando ya godoro, bado na aproni ya bandani.

"Msikilize," alisema. "Anabisha hodi. Amebisha hodi siku nzima, na humu ndani hakuna mtu." Alifuta uso kwa kiganja. "Nimemfungia huyu kiumbe ili mwanangu aje. Hebu fikiria. Mtu mzima mimi."

"Nikupeleke Mareeba Jumamosi?"

"Gari lako litafika?"

"Likikataa tutalisukuma."

"Wewe ndiye utakayesukuma. Mimi nitashika boksi."

Tulipanda milima asubuhi, boksi mapajani mwake limefungwa kwa taulo. Mji wa Innisfail ulipokuwa nyuma yetu, alisimulia jinsi Tegan alivyokuwa akichukua buibui bapa bandani, akiwa na miaka saba, na kuwatia kwenye begi la shule ili wasiuawe. Alisimulia akitazama nje, nami niliendesha polepole.

Gereji ya Warwick ilinuka udongo wa mvua. Jike wake alikuwa ndani ya tangi refu, shimo limezungushiwa utando mweupe. Warwick alishika brashi ndefu ya rangi, tayari kuwatenganisha, akamwachia Desley amfungulie mwenyewe. Alipiga magoti, akainua kifuniko, na kwa mara ya kwanza Beryl hakuruka. Alitembea. Aligusa ule utando, akasimama, mwili wote ukatetemeka, kisha akapiga hodi.

Warwick aliinua brashi. Kisha kutoka chini ya udongo, kitu kikajibu.

"Hee," Desley alisema, polepole sana.

Sitaeleza yote. Jike alipanda na meno wazi, yule bwana akamshika kwa chini, akamsukuma juu, ikachukua muda wa kuchemsha chai. Kisha jike akashtuka, akafyatuka, na Beryl akaruka kinyumenyume, mbali kuliko nilivyowahi kumwona, akatua salama upande wa pili wa tangi. Warwick aliteremsha brashi bila kuitumia.

"Umeona? Hapo ndipo kuruka kunapofaa."

Aliomba Beryl abaki kwake. Kulikuwa na mfugaji mmoja katika mji wa Atherton, mwenye jike, na mwingine mbele zaidi. Desley aliitikia kwa kichwa. Alimtazama kwa muda mrefu kidogo, akasema, "Haya, bwana," akaenda kukaa ndani ya gari.

Jumapili simu ililia saa kumi na moja.

"Mama, habari. Beryl hajambo?"

"Beryl ni dume," Desley alisema. "Nilijua wiki tatu nzima, nikakudanganya. Nimempeleka kwa Warwick jana. Atakufa karibuni, mwanangu. Hatakuwepo Pasaka."

Sikusikia jibu, bila shaka. Nilisikia kiti tu, na maji ya bomba yakifunguliwa na kufungwa. Baadaye aliniambia Tegan alisema, "Sawa," kisha akasema zamu yake inaanza.

Jumapili iliyofuata simu haikulia. Desley alikaa kwenye kiti chake hadi saa moja na nusu, kisha nikasikia akizitandua shuka za kitanda cha Tegan. Jumapili ya pili haikulia pia. Pale juu ya friji palibaki alama ya mraba ambayo haikuwa na vumbi, na hakuifuta wala hakuweka kitu juu yake. Mimi nilijilaumu. Nilifikiri labda ningepaswa kunyamaza kuhusu gari.

Rosalba ndiye aliyenisimulia yaliyotokea baada ya hapo, alipokuja maktaba ninakofanya kazi kurudisha vitabu vya mjukuu wake. Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, mkanda umejaa. Simu ya Desley ikalia mfukoni mwa aproni. Alivua glovu kwa meno.

"Tegan? Kuna nini? Umeumia?"

Rosalba alisimama karibu kiasi cha kusikia pande zote mbili, na hakuona aibu kuniambia hivyo.

"Hapana, mama. Niko mapumziko tu."

"Leo Jumatano."

"Najua."

Desley aliweka kisu chini. Msimamizi alimtazama Desley, Rosalba akamtazama msimamizi hadi akageuka.

"Mama, hiyo kelele ni nini?"

"Ni mkanda. Niko kazini."

"Bado kuna ule mlio? Ule wa tik-tik, pale kwenye kona?"

"Hawajautengeneza tangu wewe mtoto."

"Niachie niusikie kidogo."

Desley alisogea mbele. Alinyoosha mkono mzima wenye simu juu ya mkanda, pale kwenye kona, na chane zikapita mbele yake moja baada ya nyingine, hakuna aliyezikata.