Stola ya Shingo Mbili

Anjeline Akwii wa Chakol alikuwa na maksai wawili, Chifu na Karani, wenye nguvu za kutisha. Siku moja walishtuliwa na nyuki, wakakimbia na plau mpaka ng'ambo ya Uganda, na anayebisha aende akautazame ule mtaro, haujafukika hadi leo. Mumewe alipofariki, Akwii mwenyewe ndiye aliyeshika plau. Alilima nusu ya Chakol, na kwa jasho hilo akamsomesha mwanawe wa pekee, Emorut, mpaka akawa shemasi.

Ukabaki mwezi mmoja Emorut apewe upadre. Akwii akaapa kwamba stola ya siku hiyo ataishona yeye. Akamwendea katekista Ochom.

"Hebu niambie, mwalimu. Kile kitambaa kirefu cha shingoni ni cha kufutia jasho?"

"Mama! Ile kanzu nyeupe ni ubatizo. Kasula ya juu ni upendo, ndiyo maana inafunika vyote. Stola ni nira ya Kristo. Shemasi huivaa begani, padri huivaa shingoni."

"Nira? Kama ya Chifu na Karani?"

"Hiyo hiyo."

Akwii akarudi nyumbani akiwaza. Kukosa wajukuu alishakuzoea. Kilichomkaa kooni ni mwanawe kuzeeka peke yake kwenye nyumba ya parokia, bila mtu wa kumuuliza kama amekula. Na tangu azaliwe, Akwii hajaona nira ya ng'ombe mmoja. Basi akaingia zizini na futi na chaki ya fundi, akapima shingo ya Chifu, akaunganisha mpaka ya Karani. Chifu akalamba futi, Karani akatafuna chaki. Kitambaa cheupe akakinunua Malaba, akakidarizi misalaba ya rangi ya dhahabu.

Sista Roselida, mtunza sakristia, chumba cha mavazi ya misa, alipoikunjua, ikafika mlangoni.

"Mama Emorut, hii ni stola ama kamba ya kuanikia nguo?"

"Nilipima, Sista."

"Ulimpima nani?"

Akwii akawataja wote wawili. Sista akacheka hadi akakalia sanduku la mishumaa. Kisha akafuta machozi, akachukua makasi.

"Tukate nusu."

Akwii akaikumbatia stola yake kama mtoto anayekaribia kudungwa sindano. "Ukikata, nani atavuta upande wa pili?"

Kicheko kikamkatika Sista. Makasi akayarudisha, lakini akasema kwa upole kwamba mbele ya askofu mtu hawezi kuvikwa kitu kinachoburuta. Ipo ya dukani, itatumika hiyo. Hii aiache hapa.

Siku ikafika. Emorut akalala kifudifudi, akainuka, askofu akamwekea mikono. Padri mzee akaigeuza stola kutoka begani, ikaning'inia pande zote mbili za kifua. Ilikuwa ya dukani. Akwii akapiga vigelegele pamoja na wanawake wenzake, ila ulimi wake ulikuwa mzito kama plau iliyokwama kwenye kisiki.

Baada ya misa watu wakapanga foleni hemani kupokea baraka ya kwanza ya padri mpya, mama mzazi akiwa mbele, kama ilivyo desturi. Emorut akatoka sakristia. Kasula ameivua, na shingoni ana ile ndefu, ncha ameziinua mkononi kama mwanamke anayevuka matope.

"Sista ameniambia yote," akasema.

Akwii akapiga magoti. Emorut akambariki, kisha kile kipande kilichozidi akakizungusha shingoni mwa mama yake.

"Upande wa pili anavuta Kristo, mama. Usiwe na wasiwasi tena. Leo tu amekupisha kidogo."

Akwii alilia na kucheka kwa mpigo. "Basi vuta! Na usiende kombo, ndivyo Karani anavyonisumbua."

Wakaelekea hivyo kwenye chakula, shingo mbili ndani ya kitambaa kimoja, mama ametangulia hatua moja, na askofu mwenyewe akasogeza kiti chake wapite.