Daraja Nililosema Nimeliota

Sitaki mtu aniambie kuwa ndivyo Mungu alivyopanga. Nimeambiwa hivyo miaka na miaka, na kila nikiambiwa roho inanichemka. Mungu hakusema uongo asubuhi ile kwenye baraza ya nyumba yetu. Nilisema mimi, kwa ulimi wangu huu huu, na akili zangu zilikuwa timamu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Kwetu ni Pujini, na nilikuwa nasoma sekondari Chake Chake, nikienda kwa baskeli asubuhi na kurudi alasiri. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: kuwa injinia wa madaraja. Pemba yetu hii ni vilima na mabonde kila ukigeuka, na mvua za masika zikishuka barabara ya kwetu ilikuwa ikikatika. Nimeshabeba baskeli begani, maji yamenifika kiunoni, huku daftari nimelifunga kichwani na kilemba cha baba. Mtu akipita hapo mara tatu nne atawaza daraja tu, hawazi kitu kingine.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na kitabu kikubwa cha picha kutoka Uingereza. Ndani yake mlikuwa na picha ya daraja la chuma linalojengwa: refu, jembamba, limetanda juu kabisa, na mafundi wamening'inia wanapigilia misumari iliyotoka motoni, cheche zinamwagika chini. Nilikuwa nikimwomba kitabu kile mpaka akachoka na mimi. "Kichukue," akaniambia siku moja, "ulale nacho." Wallahi nililala nacho.

Kabla hatujaingia mwaka wa mwisho tukapewa karatasi ya kuchagua masomo. Upande mmoja hesabu za juu, fizikia na kemia. Upande wa pili Kiarabu, dini na historia. Huwezi kuchukua huku na huku, maana yalisomeshwa saa zile zile. Mwalimu alitueleza waziwazi kwamba asiye na fizikia asahau habari ya kupelekwa ng'ambo kusomea uinjinia. Mzazi atie saini, karatasi irudi Jumatatu, na ikisharudi haibadiliki.

Baba alikuwa mkulima wa karafuu. Alisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, za kizungu hakuzijua hata moja. Tatizo halikuwa baba lakini. Tatizo lilikuwa Shehe aliyenisomesha Kurani chuoni, ambaye baba naye alisoma kwake utotoni, na hata utu uzimani akikutana naye njiani alikuwa akishuka kwenye punda kumwamkia. Shehe alikuwa keshawaambia watu msikitini kwamba mimi ndiye nitakayeshika chuo chake. Baba angemkatalia vipi mwalimu wake?

Jioni ya Jumamosi baba akaniita.

"Mwanangu, mimi sijui fizikia ni mnyama gani. Shehe anataka Kiarabu, wewe unataka machuma yako. Sasa usiku wa leo sali istihara, kisha ulale. Ukioteshwa kitu, asubuhi utatuambia mbele ya Shehe, na tutalifuata hilo. Usipooteshwa kitu, basi Mwenyezi Mungu kakuachia mwenyewe. Chagua utakacho, na mimi nitatia saini."

Istihara ni rakaa mbili unazosali ukimwomba Mungu akuelekeze kwenye lenye kheri. Jawabu si lazima lije usingizini, lakini kwetu watu walilingoja huko. Basi nikasali, nikalala fofofo, na mama akaniamsha alfajiri sijaota hata panya.

Yalitakiwa maneno mawili tu: sikuota kitu. Baba alishasema. Lakini mimi sikumwamini. Nilijiambia kwamba Shehe atasema nirudie tena kesho, na keshokutwa, mpaka niote anachokitaka yeye, na Jumatatu ndiyo hiyo. Nikaona niwapelekee kitu kizito, kisichojibika. Na kitu kizito kichwani mwangu kilikuwa kimoja.

Shehe alikuja mapema. Baba akamkaribisha barazani, mama akatoa kahawa na mkate wa kumimina. Nikakaa chini, nikaangalia mkeka.

"Enhe," akasema baba. "Umeona nini?"

"Nimeona daraja."

Shehe akaweka kikombe chini. "Daraja la namna gani?"

"La chuma. Refu sana, sikuuona mwisho wake. Na jembamba."

"Na chini yake?"

Ningekomea hapo! Lakini nilinogewa, nikaifungua ile picha kichwani na kuisoma yote. "Chini kuna moto, Shehe. Cheche za moto. Na watu wananing'inia."

Nikainua uso nikitarajia waseme, haya, kijana huyu ni injinia. Baba alikuwa amegeuka rangi. Kahawa ilimmwagikia kwenye kanzu na hakuitazama. Shehe alikuwa anatokwa na machozi mpaka kwenye ndevu. "Subhanallah," alikuwa akisema, "subhanallah, subhanallah."

Ndipo nilipotambua nimesema nini. Ee Mola, ujinga gani ule! Mtoto niliyehitimu Kurani, niliyehadithiwa Sirati tangu sijajua kufunga kikoi: lile daraja litakalotandwa juu ya moto wa Jahannamu, jembamba kuliko unywele, watu wote walipite siku ya Kiyama, wengine wavuke na wengine wanaswe. Nilieleza lote, sikuacha kitu, na wala halikunijia akilini. Kichwani mwangu palikuwa na Uingereza tupu.

"Ulivuka?" baba akaniuliza. "Niambie, mwanangu, ulivuka?"

"Nilivuka, baba."

"Alhamdulillahi," akasema Shehe. "Unataka tafsiri gani tena? Kaonyeshwa njia, na njia yenyewe ni elimu ya dini."

Baba akachukua kalamu, akaniuliza upande wa Kiarabu ni upi. Nikamwonyesha kwa kidole changu mwenyewe. Akatia saini kwa mwandiko mzuri sana, akaupuliza wino ukauke.

Watu niliowahadithia wananiuliza, kwa nini usiseme hapo hapo kwamba ni uongo? Ni rahisi kuuliza. Chuoni tulifundishwa kwamba mwenye kuzua ndoto atatakiwa siku ya Kiyama azifunge fundo punje mbili za shayiri, moja kwa nyingine, na hataweza. Shehe huyo huyo ndiye aliyetufundisha. Ningemtazamaje usoni, na machozi yake bado mabichi? Niliona haya. Niliogopa vilevile, lakini zaidi niliona haya.

Msimu wa karafuu ulipoingia nilikaa uani na mama tukichambua, karafuu huku, vijiti vyake vya makonyo kule. Mama akacheka peke yake. "Mtu humjui mpaka siku yake," akasema. "Baba yako usiku ule wa istihara aliniambia, huyu mtoto haoti huyu, analala kama gogo. Kesho atasema hakuona kitu, nami nitamtilia saini kwenye machuma yake, na Shehe hatakuwa na la kunilaumu. Kumbe wewe ulikuwa na jambo lako kubwa!"

Niliinama nikaendelea kuchambua, nikachanganya makonyo na karafuu mpaka akanifukuza. Baba alinifungulia mlango, na mimi nikaufunga kwa mikono yangu miwili. Hilo ndilo ninalolijutia kuliko fizikia. Alinijua, akanipangia, na mimi sikumwamini.

Mwaka ule wa mwisho nilikuwa nakaa chumba cha Kiarabu, na dirisha la pili lilikuwa la chumba cha fizikia. Mwenzangu niliyekuwa nikikaa naye dawati moja alikuwa kule, akifanya majaribio ya mizani na kamba. Alipelekwa ng'ambo. Nilimsindikiza mpaka gatini nikiwa nimembebea sanduku, nikamtakia kheri, na nilipokuwa narudi nililia juu ya baskeli kama mtoto aliyenyang'anywa andazi.

Mimi nikawa mwalimu wa Kiarabu skuli ya msingi. Siwezi kusema nilikuwa mwalimu mbaya. Nilikuwa mkali bila sababu, na watoto walilijua hilo.

Mwanzoni mwa miaka ya sitini baba aliugua kifua, akalazwa hospitali ya Chake. Nilikuwa nikimaliza kusomesha naenda kumtazama kila siku. Alikuwa anapungua, na mimi nilikuwa nimeshakata shauri: nitamwambia. Nitamwomba radhi nikiwa bado nina wa kumwomba. Siku hiyo nilinunua machungwa, nikayarudia maneno yangu njia nzima, nikaingia wodini, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Baba, nina jambo nataka kukwambia."

"Ngoja kwanza," akasema. Alikuwa anazungumza kwa shida. "Hebu nihadithie tena ile ndoto."

"Ndoto gani, baba?"

"Wewe nawe! Unayo ngapi? Ile ya daraja." Akanishika kifundo cha mkono. "Miaka yote hii nikikumbuka kwamba mwanangu kavuka, moyo unanitulia. Sasa naona zamu yangu imekaribia, na naogopa. Niambie, ule moto uko karibu?"

Machungwa yalikuwa mapajani mwangu. Niliyashika yasianguke.

"Uko mbali, baba. Haufiki juu."

"Na mimi uliniona?"

"Nilikuona. Ulikuwa nyuma yangu, nimekushika mkono."

Akayafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akaniuliza kama mtu anayeulizia barabara ya kwao wakati wa masika: "Lilikuwa madhubuti?"

Nikamwambia lilikuwa madhubuti, halikutikisika hata kidogo. Nilikaa pale nimemshika mkono mpaka muuguzi akaja kuniambia saa ya kutazama wagonjwa imekwisha.